Tundu Kwenye Picha ya Baba Mkwe

Jumatatu, 14 Juni 2004

Mashine imefika! Altrasaundi. Imeshushwa asubuhi ikiwa imefungwa blanketi kama mgonjwa. Inaonyesha ini la mtu bila kumpasua. Tangu tuwe mkoa kila wiki kinakuja kitu Babati: ofisi, kibao, mkuu wa idara fulani. Lakini hiki ni changu.

Nasema changu nikiwa na sababu. Kituo chetu cha afya kina mtu mmoja tu anayejua picha, na mtu huyo ni mimi, Shomari. Miaka mingi nilikuwa na studio karibu na stendi. Harusi, vipaimara, paspoti. Wakaja vijana na mashine ya kutoa picha papo hapo, wateja wakahama, nikafunga. Sasa nasafisha filamu za eksirei kwenye chumba cha giza. Hakuna anayeniona. Nikitoka humo nanuka dawa, watu wanauliza kama kuna kitu kimevuja.

Dk. Aniceti amekuja kutoka Moshi kutufundisha wiki nzima namna ya kutambua viungo vya kifua na tumbo, kwa eksirei na kwa altrasaundi. Ijumaa mtihani. Atakayewashinda wenzake atapelekwa Moshi kusomea, akirudi mashine ni yake. Chumba chake mwenyewe, chenye dirisha! Koti jeupe!

Darasani tuko wachache. Wa kuogopwa ni mmoja tu, Nesi Skolastika wa wodi ya wazazi. Mpole. Hasemi. Anaandika. Watu wa namna hiyo ni hatari.

Somo la kwanza. Dk. Aniceti akabandika filamu ya kifua kwenye kisanduku cha taa, akauliza mapafu yako wapi. Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono. Nikaonyesha vile vitu vyeupe. Akasema hizo ni mbavu. Mapafu ni yale meusi, kwa sababu yamejaa hewa, na hewa haizuii miale. Nikamweleza, kwa heshima, kwamba katika fani yangu kitu kikiwa cheusi kwenye filamu maana yake ni cheupe. Shati la bwana harusi, kwenye filamu, ni jeusi kama mkaa. Akasema hoja nzuri, ila mgonjwa si bwana harusi. Darasa likacheka. Skolastika hakucheka. Aliandika.

Kisha akauliza moyo uko upande gani. Nikasema kulia. Akauliza kulia kwa nani. Kumbe picha husomwa kana kwamba mgonjwa amesimama anakutazama: kushoto kwake ni kulia kwako. Nimeelewa kabisa. Nadhani nimeelewa kuliko wote.

Leo pia Baba mkwe, Mzee Hamdani, alikuja kupigwa picha ya kifua. Anakohoa tangu baridi ianze kushuka kutoka mlima Kwaraa. Nimeisafisha filamu yake kwa mikono yangu, haina doa. Daktari wa zamu akaitazama, akasema kifua safi, akampa dawa ya maji. Mzee hakuridhika. Anasema kifua cha mtu mzima hakiwezi kutazamwa haraka kama nauli ya basi.

Jumanne, 15 Juni

Siku kubwa!

Mpango wa asubuhi: kumfanya Dk. Aniceti anizoee. Nikambebea mkoba. Nikamletea maandazi ya Amira, mke wangu, ambayo hakuna aliyewahi kuyala akabaki mgumu. Akataka chai ya maziwa. Maziwa hakuna. Nikatoka kuyatafuta. Niliporudi walikuwa wameshamaliza nusu ya somo, lile la kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo. Nilichokipata: kiwambo kina makuba mawili, la kulia liko juu kidogo kwa sababu chini yake kuna ini. Kuhusu lile la kushoto sikusikia. Si neno. Makuba ni makuba.

Mchana nikapita dukani kwa Mzee Hamdani. Anauza vitenge na kanga pale sokoni tangu Babati ikiwa kijiji. Hajawahi kunikubali. Akizungumza na watu habari zangu husema “yule mpiga picha,” kama anavyosema “yule mbuzi.” Leo akaniita Baba Salme, kwa jina la binti yangu! Akatoa bahasha ya kaki chini ya meza. “Baba Salme, wewe ndiye unayeziosha hizi. Hebu tazama mwenyewe.”

Wateja walikuwepo. Nikaichukua filamu taratibu, nikaiinua kwenye mwanga wa mlango. Nikaona kwanza ile herufi ndogo ya pembeni: J. Yaani Jumatatu. Kweli alipigwa Jumatatu. Mpangilio mzuri. Kisha nikashuka kwenye makuba. Upande wa ini, chini ya kuba, nikaona kitu cheusi, cha mviringo. Nyeusi ni hewa, nimefundishwa jana. Hewa kwenye ini!

“Baba,” nikasema, “hapa pana tundu.”

“Tundu la nini?”

“La hewa. Kwenye ini.”

Akaniuliza habari za moyo. Nikautafuta. Haukuwa mahali pake, ulikuwa umeegemea upande mwingine. Nikamwambia umesogea, nadhani unalikimbia tundu. Akauliza mbona daktari hakuyaona hayo. Nikasema madaktari wana haraka, sisi wa filamu tuna jicho.

Aliirudisha filamu kwenye bahasha kwa uangalifu sana. Akafunga duka kabla ya sala ya alasiri. Tangu niingie katika ukoo huu sijaona akifunga duka mapema.

Nimetembea mpaka nyumbani kama mtu aliyevaa koti. Amira alikuwa anachagua mchele. Nikamweleza. Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema mia kwa mia. Hakuchagua tena mchele, na tumekula wenye chenga.

Jumatano, 16 Juni

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Mzee alikuja kwetu mwenyewe. Akampa Amira bangili za marehemu mama yake. Akavua koti lake la sufi, lile la siku za Idi, akaniwekea mabegani. Akasema baridi ya mwaka kesho yeye haitamkuta, livaliwe na mtu. Amira akalia. Mimi pia nikalia. Ni koti zuri sana, na mikono yake inanifika sawasawa.

Tena amemwita Mzee Rama, ndugu yake wa Singe! Hawa hawajasalimiana tangu hitima ya mama yao, waligombania ini la mbuzi. Ndiyo, ini. Mmoja alisema ni la mkubwa, mwingine akasema ni la aliyemlea mama. Leo wanapika pilau wapatane.

Nikaenda darasani na koti langu. Dk. Aniceti akarudia filamu ya kifua kwa ajili ya waliokosa jana. Akaonyesha kiputo cheusi chini ya kuba la kushoto. Akasema hii ni hewa iliyo ndani ya tumbo la chakula, kila mtu anayo, msiogope. Kisha akasema maneno ambayo bado nayasikia. Akasema mtu akiishika filamu kinyumenyume, kiputo hicho atakiona upande wa ini, na moyo atauona umehamia kulia. Kwa hiyo kabla ya yote tazameni herufi ya pembeni. Sisi tunaweka L upande wa kushoto wa mgonjwa. Ukiona L imegeuka inafanana na J, geuza filamu.

Nikauliza, kwa sauti ndogo, kama J haiwezi kuwa Jumatatu.

Darasa likaanguka kicheko. Dk. Aniceti alidhani natania, akanipiga bega, akasema mtu wa chumba cha giza ana vichekesho. Skolastika alinitazama muda mrefu. Hakucheka. Hata hakuandika.

Nikatoka mbio kwenda kwa Mzee. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Baba, kuna kosa dogo. Baba, lile tundu si lako ni la filamu. Nikafika. Wazee wawili wamekaa mkekani, sinia moja, wanakula pilau. Mzee Rama analia huku anatafuna. Mzee Hamdani anamchagulia vipande vya nyama na kumsogezea upande wake. Mtu ataanzia wapi hapo? Wakaniambia ninawe. Nikanawa.

Nikaamua kusema baada ya chakula. Lakini baada ya chakula Mzee akajishika chini ya mbavu, upande wa kulia. Jasho likamtoka, na baridi yote hii. Akajikunja akasema, “Ndilo hilo tundu, mwanangu. Linachimba.” Mzee Rama akaanza kumsomea dua. Na mimi, ninayejua hakuna tundu, ndiye niliyeogopa kuliko wote.

Maumivu yakapungua. Hapo ndipo nilipopata mpango. Mpango bora kuliko yote ya maisha yangu.

Kesho tunafanya mazoezi ya altrasaundi, anatakiwa mtu wa kulalia kitanda, tumbo tupu. Atakuwa Mzee! Nikamwambia asile kitu mpaka apimwe, alale ubavu wa kushoto, tundu litaanza kuziba. Dk. Aniceti atatazama ini, atasema ni zima. Mimi nitasema: limeziba. Kila mtu atafurahi. Hakuna atakayeaibika. Pengine na koti litabaki.

Alhamisi, 17 Juni

Mzee alikuja na kanzu safi na kofia ya Ijumaa, kana kwamba anakwenda kuzikwa. Mzee Rama amemshika mkono. Kwapani mwa Mzee Rama, bahasha ya kaki. Sikuwa nimeipanga hiyo bahasha!

Dk. Aniceti akampa Skolastika nafasi ya kwanza. Naye akampaka Mzee jeli tumboni, akamwomba radhi kwa baridi yake, “Pole Babu, utaizoea sasa hivi.” Akakiweka kile kichwa cha mashine chini ya mbavu, akamwambia avute pumzi aishikilie. Kwenye kioo likatokea ini. Kijivu, laini, limetulia. Hata mimi niliona ni zuri. Nikaanza kujiandaa kusema neno langu.

Mzee akanitangulia. “Na lile tundu limefikia wapi?”

“Tundu gani, Mzee?” akauliza Dk. Aniceti.

“La hewa. Linalofukuza moyo.”

 Dk. Aniceti akauliza nani amemwambia habari hizo. Nilikuwa nimeinama naikagua soketi ya umeme. Nikamsikia Mzee anasema, “Niliambiwa na mtu anayenijali.”

Sikuweza kuinuka.

Mzee Rama, ambaye hajui mambo, akatoa filamu kwenye bahasha. Dk. Aniceti akaipokea, akaniita. “Bwana Shomari, njoo utuonyeshe.” Nadhani alikumbuka Jumatatu yangu. Nikaenda. Nikaibandika kama nilivyoishika siku ile. Nikaonyesha tundu.  Akaichomoa filamu, akaigeuza kama mtu anavyogeuza chapati, akairudisha. Tundu likahamia ng’ambo. Moyo ukarudi nyumbani. J ikawa L.

“Hilo ni tumbo lako, Mzee,” akasema. “Hewa uliyoimeza na chai.”

“Kwa hiyo sifi?”

“Kwa tundu, hapana.”

Mzee akavua kofia akajifunika nayo uso. Mabega yakatikisika.  Kisha ikatoka sauti chini ya kofia: “Na Rama nimeshamsamehe!”

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Mzee Rama akacheka. Mzee mwenyewe akacheka, machozi yakimtiririka kwenye ndevu. Mimi sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Skolastika hakuwa ameondoa macho kwenye kioo. Akasema, “Dokta, hebu tazama hapa.” Chini ya ini palikuwa na kifuko cheusi chenye umbo la peasi. Ni mfuko wa nyongo. Maji kwenye altrasaundi huonekana meusi, kwa hiyo ungepaswa kuwa mweusi mtupu. Haukuwa mtupu. Ndani yake kulikuwa na vitu vinavyong’aa, vimejipanga chini kama kokoto mtoni, na kila kimoja nyuma yake kina kivuli.

Mawe!

Dk. Aniceti akaacha kucheka. Akamuuliza Mzee kama huwa anaumwa. Mzee akasema ni gesi tu, humpata akila mafuta. Tangu lini? Miaka. Mbona hakuwahi kusema? Akasema mtu hafungi duka kwa sababu ya gesi. Dk. Aniceti akatuonyesha ukuta wa mfuko, ulivyovimba. Akasema inabidi apelekwe Moshi akapasuliwe, wiki ijayo isipite, maana mfuko wa namna hii ukipasuka wenyewe... hakumalizia.

Kwa hiyo kitu kilikuwepo. Upande ule ule wa kulia niliousema mimi. Naliandika hili kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaja.

 Jioni Amira alinivua koti la sufi bila kunitazama, akalikunja vizuri, akalirudisha kwa baba yake.

Ijumaa, 18 Juni

Mtihani.

Nimeamka na azma moja: sitachanganya tena kulia na kushoto maisha yangu yote. Mpango ulikuwa rahisi. Kwa kalamu ya wino mzito nijiandikie tumboni, chini ya shati, kila kiungo mahali pake. Nikikwama nafungua kifungo kimoja, nachungulia. Nikafungua kitabu cha Dk. Aniceti penye mchoro, nikaandika kama ulivyo. INI. WENGU. FIGO mbili. Hata kibofu nilikiandika, kwa herufi ndogo. Salme alinikuta mbele ya kioo akaniuliza kwa nini baba amejichora. Nikamwambia ni kazi za serikali.

Darasani nikakaa mbele, natabasamu. Dk. Aniceti akasema leo kila mmoja atapima mwenzake. Akatazama huku na huku. Akasema, “Bwana Shomari, wewe tumbo lako jembamba, litaonekana vizuri. Panda kitandani.”

Nikasema nimekula. Akasema haidhuru. Nikasema nina mafua. Akasema mafua hayazuii. Nikasema dini. Akasema mzee mmoja wa dini hiyo hiyo alilala hapo jana.

Nikafungua shati.

Kicheko cha jana kilikuwa mazoezi. Muuguzi mmoja alitoka nje kabisa, tukamsikia anacheka uani. Lakini Dk. Aniceti hakucheka mwanzoni. Aliinama akasoma, polepole, kama mtu anayesoma tangazo. Kisha akasema kwa upole, “Ini umeliandika kushoto.” Kumbe! Mchoro wa kitabu nao unakutazama! Ini lake liko upande wa mkono wako wa kushoto kwa sababu si lako. Hapo ndipo na yeye alipokaa chini, akajifuta macho kwa tai.

Skolastika ndiye aliyenipima. Alifuta kwanza maandishi, kwa pamba na spiriti, akanifunika mpaka kiunoni kama anavyowafunika akina mama wa wodi yake. Akapitisha kichwa cha mashine. Akataja kila kitu: ini, nyongo, figo ya kulia, aorta inayopiga kama saa, wengu kule nyuma. Hakukosea hata kimoja. Akaniambia taratibu, wengine wasisikie, “Kaka Shomari, una ini zuri. Linang’aa vizuri hata kwa mwanafunzi.”

Ameshinda, bila shaka. Ilipofika zamu yangu kupima nilisahau jeli, kioo kikabaki cheusi, nikatangaza kwamba mgonjwa hana kitu ndani.

Baadaye Dk. Aniceti alinifuata chumba cha giza. Akasema filamu ninazozisafisha ni safi kuliko anazoziona popote, na kwamba bila filamu safi hakuna daktari anayeona chochote. Akaniomba nisiache kazi hiyo. Nikamshukuru. Ni wazi anaogopa ushindani.

Jumapili, 20 Juni

Mzee Hamdani amekuja. Nilipomsikia akibisha hodi nilipita mlango wa nyuma, nikamkuta Mzee Rama amekaa huko kwenye kigoda, anangoja. Wananijua.

Nikaingia. Nikaamkia. “Shikamoo Baba.” Akaweka kofia yake gotini kwanza. Kisha, “Marahaba.” Amira akaleta chai akasimama mlangoni, hakutoka.

Mzee akasema alikasirika sana. Akasema alikuwa ameshajizika, amechagua hata mahali, karibu na mkewe. Nikasema anisamehe. Akaniuliza kama ninajua mtu akijizika anafanya nini. Nikasema sijui.

“Anamwita ndugu yake,” akasema. “Mimi na Rama tulikuwa tunapishana sokoni kama watu wawili wasio na mama. Ungesema kifua safi, kama yule daktari, ningeendelea kumpita.” Akanywa chai. “Usinifanyie tena.”

“Sitafanya, Baba.”

“Haya. Jumanne naenda Moshi. Rama atabaki na duka. Wewe utanisindikiza.”

Nilishangaa. Nikauliza kwa nini mimi, na kuna wanawe wengine, na wajukuu wakubwa. Akasema wale wote watamwambia asiogope. Anataka mtu wa kukaa naye anayeogopa kuliko yeye, ili apate kazi ya kumtuliza.

Amira akacheka. Mara ya kwanza tangu Jumanne. Nilipenda kukisikia kicheko hicho kuliko nilivyotaka ile mashine. Au tuseme karibu sawa.

Jumamosi, 24 Julai

Tumerudi Babati tangu wiki iliyopita, wote wawili wazima, namshukuru Mungu. Sikuandika huko, sikuwa na nafasi. Pia sikuwa na nguvu.

Nieleze haraka. Siku ya upasuaji nilimshika Mzee mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Waliponitaka nimwachie nikaona ukuta unainama. Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa. Mzee anasema alipoamka na kidonda chake swali lake la kwanza lilikuwa, “Mkwe wangu anaendeleaje?” Kwa siku kadhaa wauguzi walitupitia pamoja. Skolastika, ambaye ameshaanza masomo huko, alikuwa anatuletea uji mchana. Kwangu aliweka sukari zaidi. Nimeanza kumfikiria vizuri, ingawa amechukua mashine yangu.

Madaktari walisema mfuko wa nyongo ulikuwa umebakiza kidogo tu kupasuka. Nilipolisikia hilo sikucheka wala sikujisifu. Nilitoka nje nikakaa kwenye nyasi.

Hiyo ilikuwa huko. Hapa mambo ni mengine. Mzee amepewa mawe yake kwenye kichupa. Ameyaweka dukani, mezani, mbele ya vitenge. Kila mteja anaonyeshwa. Na hadithi inaendelea kukua. Wiki hii anasema mkwe wake aliinua filamu mlangoni, kwa macho matupu, akaona alichokikosa daktari. Kulia na kushoto vimetoweka. Tundu limekuwa jiwe. Mzee Rama anaitikia kila neno, na anaongeza.

Leo sokoni watu wameniita Daktari. Muuza perege wa ziwani alinichagulia samaki mkubwa. Amira amesema nikawaambie watu ukweli, pale pale dukani. Amesema kweli kabisa. Nimemwahidi nitasema wateja wakiondoka.

Duka lile lina wateja sana.

Jumatatu, 26 Julai

Habari kubwa! Tangazo limebandikwa kituoni. Mwezi ujao tunaletewa kiti cha meno, na daktari wa meno atakuja kutoka Dodoma kufundisha. Mtumishi mmoja atachaguliwa kuwa msaidizi wake. Mmoja!

Nimesimama mbele ya tangazo nikajiona mjinga kwa muda wote nilioupoteza na maini. Meno! Meno hayajifichi ndani ya mtu. Hayahitaji jeli. Mtu akicheka unayasoma yote. Nani katika mji huu ameona meno mengi kuliko mimi? Miaka yote ya studio kazi yangu ilikuwa nini kama si kuwaambia watu wacheke?

Na Skolastika yuko Moshi.

Nimeanza leo hii hii. Mama Amna, jirani yetu, alikuja kuomba chumvi, shavu limemvimba. Nikamkalisha kwenye kigoda penye jua. Nikamwambia afungue mdomo. Nikatazama kwa utulivu, kama mtu wa fani. Nikamweleza kwamba jino lake la mwisho limekosana na wenzake, linawasukuma, na lisipozuiwa yote yatalalia upande mmoja kama mahindi ya Mutuka baada ya upepo. Akashtuka. Akaziba mdomo kwa kanga. Ameondoka bila chumvi.

Amira alikuwa anafua, amesikia yote. Akaniuliza kwa sauti ya chini sana kama huyo daktari wa meno ameshafika.

Nimemwambia bado. Ndiyo maana nimeanza mapema.